Injini Ikianza Kulia Tak-Tak Ghafla: Tafuta Kilichobadilika Kabla ya Kufungua Kitu

Injini haichakai kwa usiku mmoja. Tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu) kulegea, beringi kulika, cheni kurefuka, yote hayo huchukua miezi na miaka, na sauti huongezeka kidogo kidogo mpaka sikio linaizoea. Gari lililolala kimya jana, leo asubuhi likaamka linalia tak-tak-tak, mara nyingi lina habari nyingine: kuna kitu kimelegea, kimepungua, kimevunjika, au kimeguswa na mkono wa mtu. Anzia hapo.

Naandika kwa wenye magari ya umri mkubwa hapa Tanga: Corolla na Mark II za miaka ya 1990, RAV4 za mwanzo, Noah, Haisi, na hata Vitz na IST ambazo nazo sasa ni watu wazima. Inaniuma kuona mtu anakopa fedha alipie kufungua injini ilhali kijiti cha kupimia oili hakijachomolewa hata mara moja. Injini ikishafunguliwa haifungwi bure: gasketi mpya, oili mpya, fedha ya fundi, na siku unazokaa bila usafiri. Saa moja ya kusikiliza kwa makini haina gharama hiyo.

Oili kabla ya neno lolote

Zima injini. Egesha gari mahali tambarare, ngoja dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena usome. Kwenye magari mengi madogo, kati ya alama ya chini na ya juu kuna lita 1 au zaidi kidogo, na injini nzima ya lita 1.5 hubeba lita 3 hadi 4 tu. Kwa hiyo gari linalosoma chini ya alama ya chini limeshapoteza sehemu kubwa ya oili yake. Pampu huanza kuvuta hewa, hasa ukikata kona au ukipanda mlima, na sehemu ya juu yenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ndiyo hulia kwanza kwa kuwa oili hufika huko mwishoni.

Usingoje taa ikuambie. Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake, na kwa kawaida huwaka msukumo ukiwa umeshakaribia sifuri. Ikiwaka huku injini inagonga, zima hapo hapo, hata kama uko porini kati ya Muheza na Segera, kisha utafute gari la kukuvuta. Kilomita chache za kujikongoja zinatosha kuharibu krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni.

Itazame pia oili yenyewe. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingiwa na maji. Ikinuka petroli, imekuwa nyepesi na haishiki tena vyuma. Ikiwa nyeusi na nzito yenye tope, huenda njia zake ndogo za ndani zimeanza kuziba.

Kama ilikuwa imepungua, ongeza ya aina ile ile mpaka alama ya juu bila kupitiliza, washa, sikiliza kwa dakika chache. Sauti ikikatika umepata jibu la kwanza, lakini bado lipo la pili: oili imekwenda wapi? Chungulia chini ya gari, tazama gasketi ya kifuniko cha tapeti, mwombe mtu aangalie kama ekzosi inatoa moshi wa bluu unapowasha asubuhi. Injini ya 1ZZ, ile ya lita 1.8 iliyomo kwenye Premio na Allion za mwanzo wa miaka ya 2000, inajulikana kwa kunywa oili kupitia ringi za pistoni bila kudondosha hata tone chini. Mwenye gari hilo apime oili kila wiki, siyo kila sevisi.

Kuna jambo moja nakusihi ulikatae. Usikubali kuwekewa oili nzito kupita kiasi, au zile dawa za kopo za kuifanya injini inyamaze, kabla chanzo hakijajulikana. Sauti itapungua kweli, ila ugonjwa utakuwa pale pale, na siku ukirudi utakuwa mkubwa zaidi.

Wiki hii gari lilifanyiwa nini?

Swali hili linatatua mengi kuliko spana. Mzee mmoja alifika na Corolla yake, mazungumzo yakawa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lalia hili, tangu juzi. Asubuhi tu nikiwasha, kisha lanyamaza."

"Juzi lilifanyiwa nini?"

"Halikufanyiwa kitu. Nilimwaga oili tu, nikaweka na filta mpya."

Hicho "kitu" kilikuwa hicho hicho. Filta nzuri ina mpira ndani, unauona ukichungulia kwenye vile vitundu, ambao huzuia oili isirudi kwenye sampu gari linapolala. Filta ya bei ya kutupa huwa na mpira mgumu usioziba, au haina kabisa. Usiku oili inashuka yote, asubuhi injini inazunguka kavu kwa sekunde kadhaa mpaka filta ijae tena. Tulibadili filta, na kesho yake gari likawaka kimya.

Kwa hiyo rudisha kumbukumbu. Je, plagi zilibadilishwa? Pengine moja haikukazwa. Ekzosi ilichomelewa? Gari lilipita njia mbovu, labda ya kupanda Amani? Mabati ya kinga ya joto juu ya ekzosi hulegea na kulia kwa sauti nyembamba ambayo mtu anaweza kuapa inatoka ndani ya injini. Yagonge kwa ngumi ya mkono injini ikiwa baridi, utayasikia. Lilichemka kwenye ule mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto? Lilijazwa mafuta mahali usipopazoea, na sasa linatoa sauti kavu ya kuchakacha ukikanyaga mafuta mlimani? Hilo la mwisho linaweza kuwa petroli duni inayolipuka kabla ya wakati wake. Punguza mguu, jaza kwingine, kisha usikilize tena.

Na mvua. Masika ikipiga, kuna barabara mjini zinazogeuka mito, na wako wanaopita kwa kasi ili wavuke upesi. Injini ikivuta maji kupitia bomba la hewa, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inapinda. Gari linaweza kuwaka tena baada ya kukaushwa, likatembea, lakini likawa na mlio mpya. Kama sauti ilianza siku ile ile uliyopita majini, pima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya kila silinda kabla ya jambo jingine. Silinda moja iliyo chini kuliko wenzake hapo si habari njema, na gari hilo lisiendelee kutembea.

Lini, wapi, kwa kasi gani

Sasa fungua boneti. Kanga, kanzu, mikono mirefu ya shati na nywele ndefu vikae mbali na mikanda na feni, na kumbuka kwamba feni ya umeme huwaka yenyewe bila kukuaga.

Anza na kasi ya mlio. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), krenki inazunguka mara 750 hivi kwa dakika, yaani kama mara 12 kwa sekunde. Kemshafti huzunguka nusu ya hapo, kama mara 6. Mlio wa mara 6 kwa sekunde unaweza kuufuata kwa kugonga kidole juu ya bodi. Wa mara 12 ni mfululizo usioufikia. Ukiweza kuufuata, fikiria tapeti, valvu, plagi iliyolegea au ekzosi inayovuja kwenye silinda moja. Usipoweza, fikiria sehemu zinazokwenda na krenki: beringi, puli, mikanda, flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki). Kama mlio unafuata mwendo wa magurudumu, unaendelea hata ukiweka nyutro na kuliacha gari liserereke, basi injini haihusiki. Kagua matairi, huenda kijiwe kimenasa.

Kisha tafuta mahali. Chukua bisbisi ndefu, ncha iguse chuma, mpini uguse mfupa ulio mbele ya sikio. Pita kwenye kifuniko cha tapeti, silinda moja baada ya nyingine, injekta (zinazopulizia petroli), alteneta, pampu, sampu. Sauti ya kweli inakuja kali na ya karibu. Ya mbali inakuja hafifu. Kwa kutafuta hewa inayovuja tumia mpira wa maji wa kama mita 1: upande mmoja sikioni, mwingine uupitishe polepole kwenye maungio ya ekzosi na kuzunguka plagi.

Injekta zenyewe hubofya, na hiyo ni kazi yake. Zikibofya zote kwa sauti moja, ziache. Ikiwa moja ina sauti tofauti na wenzake, iwekee alama.

Mikanda ya nje ni rahisi kuiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Ivue, washa injini kwa sekunde 30 tu, zima. Usizidishe, kwa kuwa kwenye magari mengine mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mlio ukitoweka, chanzo ni alteneta, kompresa ya AC, tenshina (kifaa kinachokaza mkanda), au mkanda wenyewe uliochanika uzi ukawa unachapa kava.

Inalia injini ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza

Hapa Tanga, dalili hii mimi huipeleka kwanza kwenye manifoldi ya ekzosi, lile bomba la matawi linalopokea moshi kutoka kwenye silinda. Chumvi ya bahari hula chuma, na gari linalolala Raskazone au Sahare linaivuta usiku kucha. Boliti za manifoldi hupata moto na kupoa kila siku, zinashika kutu, moja inakatika, manifoldi inaachia nafasi nyembamba kuliko ukucha. Injini ikiwa baridi gesi inapenya hapo na kutoa tak-tak kavu kabisa, inayoongezeka ukikanyaga mafuta. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba, kelele inakwisha. Ndiyo maana mtu akiwasili gereji gari halilii tena, akaonekana mzushi.

Hakikisha asubuhi kabla hujawasha. Andaa maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia, mtu mwingine awashe, wewe nyunyiza kwenye maungio ya manifoldi wakati bado ni baridi. Mapovu yatakuonyesha. Tafuta pia mstari wa masizi meusi kando ya gasketi, kwani palipo na masizi pana tundu. Boliti zikiwa zima lakini mlio upo, kagua manifoldi yenyewe kama ina ufa.

Tatizo hili watu hulivumilia kwa kuwa gari linatembea. Tafadhali usilivumilie. Gesi inayotoka hapo ina kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu yake, na inaweza kuingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa. Abiria wakilalamika kichwa kinauma au usingizi mzito kwenye gari lenye mlio huu, shusha vioo vyote, simama, watoke nje. Watoto ndio wa kwanza kuangaliwa.

Kama ekzosi ni salama, yapo mawili mengine. Kwenye injini za cheni kama 1NZ na 1ZZ, tenshina husukumwa na oili; mkwaruzo wa sekunde chache unapowasha, kisha kimya, unaweza kuwa filta kama ya yule mzee, au tenshina na cheni iliyochoka. Mkwaruzo ukianza kukaa muda mrefu kuliko zamani, cheni ikaguliwe upesi. La pili ni pistoni iliyolika kidogo inayogonga ukuta wa silinda mpaka itanuke kwa joto. Sauti yake ni butu kuliko ya ekzosi, na hilo sitakutisha nalo. Magari mengi yameishi nalo miaka.

Sauti nyembamba ya juu, baridi na moto

Injini nyingi za Toyota za umri huu hazina tapeti za oili, zile zinazojirekebisha zenyewe kwa msukumo wa oili. Nafasi ya valvu hupangwa kwa vibati vya unene maalumu, hupimwa kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi. Kwa 5A ya Corolla, valvu za hewa huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, za ekzosi kati ya 0.20 na 0.30. Kwa 3S ya RAV4 na Noah ni 0.19 hadi 0.29, na 0.28 hadi 0.38. Kupima hakuhitaji kuvunja injini: ni kufungua kifuniko cha juu na kuzungusha krenki kwa mkono. Fundi akuandikie vipimo vyote kwenye karatasi, silinda kwa silinda, kabla hajabadilisha chochote.

Tapeti inayolia haiogopeshi kama ile iliyokaza. Inayolia ina nafasi ya ziada, inapiga kelele lakini valvu inafunga vizuri. Iliyokaza iko kimya kabisa, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, haipoi, mwisho inaungua. Kwa hiyo msiikaze tapeti kupita kipimo ili kelele ife.

Mitsubishi nyingi, kama zile za injini ya 4G63, hutumia tapeti za oili, na hizo hulia zikiingiwa na hewa: baada ya gari kukaa muda mrefu, au oili kuwa chini. Ijaze oili kwa kipimo, ipate moto, kisha pandisha resi taratibu kutoka sailensa mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa muda wa sekunde 30, irudishe sailensa kwa sekunde 30, rudia mara kadhaa. Hewa ikitoka, mlio unakwisha.

Plagi iliyolegea hutoa tak-tak yenye pumzi, na ukiichomoa utaona weusi umepanda kwenye nyuzi zake. Plagi mpya yenye pete huzungushwa kwa mkono mpaka ishike, kisha nusu raundi kwa spana, basi. Waya mbovu wa plagi nao hulia kwa cheche zinazokimbilia kwenye chuma, hasa usiku wenye unyevu wa bahari. Fungua boneti gizani injini ikiwa inanguruma, bila kugusa kitu. Cheche za bluu utaziona kwa macho.

Sauti nzito ya chini

Beringi ya konrodi ikifa haisemi tak, inasema kong, kong, kutoka chini, na inaongezeka injini ikipata moto. Pandisha resi kidogo mpaka kama 2,000 kisha achia: kama inagonga zaidi pale unapoachia, ni dalili mbaya. Usirudie rudie kipimo hiki.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kufungua injini. Injini ikiwa sailensa, chomoa plagi ya umeme ya injekta moja, sikiliza, irudishe, nenda kwenye inayofuata. Nasema injekta, siyo waya wa plagi, kwa sababu waya utakupiga shoti, na petroli isiyochomwa itaharibu kichujio cha ekzosi. Silinda ambayo ukiikata mlio unafifia ndiyo yenye tatizo la msukumo: beringi, pistoni, au ekzosi inayovuja. Kama mlio haubadiliki kwa silinda yoyote, rudi juu kwenye tapeti.

Kisha fungua filta ya oili, ikate kopo lake, utandaze karatasi juani. Chembe zinazomeremeta ambazo sumaku haizinasi ni vyuma laini vya beringi. Ukiziona, gari lisiwashwe tena hata kulisogeza kivulini.

Ila kabla hujakubali ovahoo (injini kufunguliwa yote na kujengwa upya) kwenye gari la otomatiki, nakuomba jambo moja. Lile sahani la chuma linalounganisha krenki na giaboksi hupata ufa, au boliti zake hulegea, na sauti yake hufanana mno na ya beringi. Inatoka nyuma ya injini, na mara nyingi hubadilika ukiingiza gia huku umekanyaga breki. Kifuniko kidogo cha chini kikifunguliwa, boliti hizo zinafikiwa kwa spana. Nimeona injini nzima ikishushwa na beringi zake zikakutwa salama, wakati ufa uko pale.

Kwa wenye dizeli

Haisi na pikapu za injini za zamani kama 2L na 3L hugonga zaidi kwa sababu ya nozeli (kipulizia dizeli) moja mbovu kuliko kwa sababu nyingine yoyote ninayokutana nayo. Fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, mlio ukikatika ameshaipata. Mikono na macho vikae mbali, maana dizeli ya msukumo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Kwenye dizeli mpya za D-4D kipimo hiki hakifanywi kabisa, msukumo wake ni mkubwa mno. Hizo hupimwa kwa mashine.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Rekodi mlio kwa simu asubuhi, tangu sekunde unayowasha mpaka injini ipate moto, simu ikiwa karibu na injini na redio ya gari imezimwa. Mweleze fundi oili ilisomaje, mlio ulianza siku gani, na nini kilifanyika siku zilizotangulia. Kama ni mlio wa baridi tu, liache gari gereji lilale, yeye mwenyewe aliwashe alfajiri. Na kabla hajashika spana, muulize: "Fundi, unaisikia inatoka wapi?" Akuonyeshe mahali kwa bisbisi, nawe uweke sikio lako hapo hapo. Kama hawezi kukuonyesha, mwombe aendelee kutafuta, na injini ibaki imefungwa.